Jedwali la Elementi, Kuanzia Bangili za Isiolo

Leo nina somo ambalo wengi wetu tuliliacha darasani na hatukuligusa tena: lile jedwali la elementi linalobandikwa kwenye ukuta wa maabara, lenye visanduku vya rangi na herufi ndani yake. Nimelichagua kwa sababu naamini watoto wetu wanalikariri bila kulielewa. Wangefundishwa kulisoma, wangeona jinsi linavyohusu maji wanayokunywa, mifugo wanayoichunga na taa wanayosomea usiku.

Mwanafunzi wa sekondari hutakiwa kuzijua elementi 20 za mwanzo, kuanzia haidrojeni hadi kalsiamu, na wengi huzitaja bila kuvuta pumzi. Hilo si baya. Lakini muulize kwa nini lithiamu, sodiamu na potasiamu zimewekwa moja chini ya nyingine, na mara nyingi hupati jibu. Jibu la swali hilo ndilo jedwali lenyewe. Majina na nambari yeyote anaweza kuyatafuta kitabuni. Maarifa yamo katika mpangilio.

Tuanze na bangili. Gari la kwenda Marsabit au Moyale likisimama hapa Isiolo mjini, wachuuzi huja dirishani na bangili za metali: nyekundu za shaba, za manjano, na nyeupe za alumini. Ile ya shaba ni elementi moja, nambari 29. Ya alumini nayo ni elementi moja, nambari 13. Lakini ile ya manjano hutaipata kwenye jedwali hata ulitafute kutwa nzima, kwa sababu ni shaba na zinki zilizoyeyushwa pamoja. Jedwali halihifadhi mchanganyiko wala kampaundi. Halina maji, halina chumvi, halina maziwa. Lina vile vitu vya msingi ambavyo kemia haiwezi kuvigawanya vikatoa kitu kingine, na hadi leo vinavyotambuliwa ni 118.

Nambari ya elementi ni nini? Ni idadi ya protoni katika kiini cha atomu yake. Kila atomu ya shaba duniani, iwe kwenye bangili ya hapa kwetu au kwenye waya wa umeme wa Lubumbashi, ina protoni 29. Ikiwa na 30, hiyo ni zinki. Hakuna elementi ya protoni ishirini na tisa na nusu, na hakuna nambari iliyorukwa kati ya 1 na 118. Kwa hiyo jedwali ni orodha iliyokamilika ya kila elementi inayoweza kuwepo kati ya nambari hizo. Ni mambo machache sana ambayo binadamu anaweza kuyasema kwa uhakika wa namna hiyo.

Sasa zipange kwa nambari, moja baada ya nyingine, na utaona tabia zinaanza kujirudia. Lithiamu, nambari 3, ni metali laini inayotoa povu ikitiwa majini. Hesabu nane mbele, unafika sodiamu, nambari 11, nayo ni laini na inafanya vurugu zaidi majini. Nane tena, potasiamu, nambari 19, inashika moto wa zambarau juu ya maji. Chukua neoni, nambari 10, gesi isiyoungana na chochote. Nane mbele ni agoni, nambari 18, gesi yenye tabia ileile. Fikiria kalenda ya ukutani. Tarehe zinapanda bila kurudi nyuma, lakini kila baada ya siku saba mchapishaji hushuka mstari, ili Ijumaa zote zikae chini ya Ijumaa. Jedwali limekatwa vivyo hivyo: kwenda kulia nambari inapanda, na kushuka chini tabia inajirudia. Tofauti ni kwamba wiki za jedwali hazilingani. Mstari wa kwanza una elementi 2 tu, wa pili na wa tatu una 8 kila mmoja, wa nne na wa tano 18, wa sita na wa saba 32. Jumlisha, utapata 118.

Chanzo cha urefu huo ni elektroni, vile vijichembe vyenye chaji hasi vinavyozunguka kiini. Elektroni hukaa kwa mizingo, na kila mzingo una kiasi chake. Ukianza mzingo mpya, umeanza mstari mpya. Sodiamu ina elektroni 2, kisha 8, kisha 1. Potasiamu ina 2, 8, 8, kisha 1. Zote mbili zina elektroni moja pekee upande wa nje, na huo upande wa nje ndio unaokutana na atomu nyingine. Kemia karibu yote hutokea hapo. Ndiyo maana safu ya kusimama hufanana tabia: elementi za safu moja kwa kawaida zina idadi ileile ya elektroni za nje. Na unaposhuka, elektroni hiyo moja inakuwa mbali zaidi na kiini, kwa hiyo inatoka kwa urahisi zaidi. Lithiamu inatoa povu, potasiamu inawaka. Haidrojeni imewekwa juu ya safu hiyo kwa sababu ina elektroni moja, ingawa ni gesi na haifanani sana na hizo metali; kila jedwali lina utata wake pale juu, na mwalimu mwema huwaambia wanafunzi hivyo waziwazi.

Upande wa kulia, safu ya 17, hali ni kinyume. Kuna florini, klorini, bromini na iodini. Hizi zina elektroni saba nje na zinatafuta moja. Sodiamu ina moja ya kutoa, klorini inataka moja, zikikutana tunapata chumvi ya kula. Ukishaelewa hapo, huhitaji kukariri kwamba potasiamu na iodini huungana atomu moja kwa atomu moja, au lithiamu na florini. Safu ya kwanza na safu ya 17 kwa kawaida huungana hivyo, moja kwa moja.

Na safu hiyo ya 17 tunaishi nayo kila siku. Dawa ya maji tunayotia kwenye mtungi ina klorini, na inaua vijidudu. Dawa ya hudhurungi ambayo muuguzi anapaka kwenye kidonda ina iodini, nayo inaua vijidudu. Si sadfa, ni safu moja, tabia moja ya kunyang'anya elektroni. Iodini hiyohiyo, kwa kiasi kidogo mno, ndiyo inayotiwa kwenye chumvi ya mezani kwa sheria ya Kenya, ili watu wasiote rovu shingoni na watoto wasizaliwe na upungufu wa akili. Florini nayo imo katika maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa kama floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kinapopitwa kwa miaka mingi, meno ya watoto hubadilika rangi, na ikizidi sana mifupa huharibika. Sisi watu wa visima virefu, tunaojua ladha ya maji ya chumvi kuliko watu wa mito, tuna haki ya kuuliza kila kisima kipya kinapochimbwa: kimepimwa floridi? Swali hilo linatoka moja kwa moja kwenye jedwali.

Tuvuke kwenda safu ya pili, kwa sababu hapo ndipo naona uzito wa jambo hili. Kuna magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu na radiamu. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika baada ya kuchemsha maji ya kisima kwa wiki kadhaa ni kalsiamu na magnesiamu zilizotoka kwenye miamba. Kalsiamu ndiyo mfupa wako, na ndiyo iliyo kwenye maziwa ya ngamia yanayoondoka Isiolo kila siku kwenda Nairobi. Sasa shuka kisanduku kimoja chini ya kalsiamu. Hapo kuna strontiamu. Mwili hauna macho ya kusoma majina. Unatambua elektroni za nje, na hizo ni mbili kama za kalsiamu. Kwa hiyo strontiamu ikiingia, mwili unaipeleka mfupani. Mataifa makubwa yalipokuwa yanalipua mabomu ya nyuklia angani kwa majaribio katika miaka ya 1950, vumbi lake lilibeba strontiamu yenye mnururisho, likaanguka kwenye nyasi, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Katika mji wa St. Louis, Marekani, watafiti walianza mwaka 1958 kukusanya meno ya utotoni yaliyong'oka, wakaikuta ndani yake. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia kushinikiza mkataba wa mwaka 1963 uliopiga marufuku majaribio ya angani.

Wafugaji wanaonisikia wachukue na mfano huu. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, na wingu lake likamwaga sesiamu hadi kwenye milima ya Wales, kule Uingereza. Sesiamu iko safu ya kwanza, chini ya potasiamu. Nyasi ziliinyonya kana kwamba ni potasiamu, kondoo wakala nyasi, na serikali ikazuia kondoo wa mashamba mengi kupelekwa sokoni hadi wapimwe. Vizuizi vya mwisho viliondolewa mwaka 2012, miaka 26 baadaye. Mtu aliyejua tu mahali ilipo sesiamu kwenye jedwali angeweza kubashiri siku ya kwanza kwamba itaifuata njia ya potasiamu mwilini.

Kuna na safu ya 15, yenye nitrojeni, fosforasi, halafu aseniki. Kila mfugaji amewahi kuona ng'ombe akitafuna mfupa mkavu malishoni. Ng'ombe huyo mara nyingi amepungukiwa na fosforasi, na ni vizuri kumpa jiwe la madini la kulamba kabla hajaokota sumu kwenye mzoga. Chini ya fosforasi iko aseniki, na aina fulani ya aseniki hujipenyeza ndani ya seli ikichukua nafasi ya fosforasi, kazi ikaharibika. Majosho ya zamani ya Afrika Mashariki yalitiwa dawa ya aseniki kuua kupe, kabla ya dawa za kisasa kuja. Kwa hiyo, kama mahali penu pana josho la kale lililobomoka, msilime mboga hapo wala msichimbe kisima hapo bila udongo kupimwa.

Nani aliyeupanga mpango huu? Wengi walijaribu, lakini aliyethubutu zaidi ni Dmitri Mendeleev, profesa wa Chuo Kikuu cha St. Petersburg, Urusi. Mwaka 1869 alikuwa akiandika kitabu cha kufundishia kemia, na elementi zilizojulikana wakati huo zilikuwa 63. Yeye hakujua protoni wala elektroni, hazikuwa zimegunduliwa. Alizipanga kwa uzito wa atomu, akatazama tabia zao, na pale ambapo uzito ulisema hivi na tabia zikasema vile, alifuata tabia. Kisha akafanya jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko yote: aliacha nafasi tupu. Chini ya alumini aliona hakuna elementi inayofaa kukaa, akakataa kusogeza nyingine ili aonekane amemaliza. Alisema ipo, haijapatikana, na mwaka 1871 akaeleza itakavyokuwa.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aliipata katika madini ya zinki kutoka milima ya Pyrenees, akaiita galiamu. Alipima msongamano wake akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuishika wala kuiona, alimwandikia kwamba apime tena, kwa sababu inapaswa kuwa karibu 5.9. Mfaransa akaisafisha upya, akapima, akapata 5.9. Hebu tafakari hilo, msikilizaji. Aliyekuwa na jedwali peke yake alimsahihisha aliyekuwa na kitu chenyewe mkononi. Mwaka 1879 ikapatikana skandiamu, mwaka 1886 jemaniamu, zote zikaingia kwenye nafasi zilizoachwa. Na miaka ya 1890, gesi za safu ya 18 zilipogunduliwa, agoni ikiwa ya kwanza mwaka 1894, jedwali lilipokea safu nzima mpya bila kuvunjika.

Galiamu huyeyuka ikifika nyuzi 30 hivi za joto. Iache mezani kule Merti, kauntini kwetu, saa nane mchana, itakuwa majimaji. Lakini sikuitaja kwa ajili ya kioja hicho. Itazame taa ya sola iliyoko nyumbani kwako. Ile balbu ndogo nyeupe inatoa mwanga kwa sababu ya fuwele ya galiamu na nitrojeni. Waliofanikiwa kuifanya itoe mwanga wa buluu, ambao ndio unaozaa huu mweupe, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Paneli iliyoko juu ya paa ni silikoni, jirani wa alumini upande wa kulia. Na betri ya taa nyingi za siku hizi ni lithiamu, metali nyepesi kuliko zote, nambari 3. Silikoni imewekwa kwenye ule mstari wa ngazi unaotenganisha metali za upande wa kushoto na zisizo metali za upande wa kulia juu, na ndiyo maana inapitisha umeme kwa masharti, wala si kama shaba, wala si kama salfa. Mtoto anayesomea chini ya taa hiyo anasomea chini ya jedwali.

Turudi kwenye historia. Kilichobaki kilikuwa sababu ya mpangilio wenyewe. Agoni ina uzito wa atomu wa 39.95 na potasiamu 39.10; kwa uzito tu, potasiamu ingetangulia na gesi isiyoungana na chochote ingeangukia kwenye safu ya metali zinazowaka majini. Mwingereza Henry Moseley, kijana wa miaka 20 na ushee, alipiga elementi kwa miale mwaka 1913 na kuonyesha kwamba kinachopanga si uzito, ni chaji ya kiini, yaani hizi nambari tunazotumia leo. Agoni 18, potasiamu 19, utata ukaisha. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na miaka 27.

Ile mistari miwili iliyochorwa chini kabisa ya jedwali imetengwa ili karatasi isiwe pana mno. Mahali pake halisi ni ndani ya mstari wa sita na wa saba. Elementi za ule wa juu zinafanana mno hivi kwamba hukaa katika mwamba mmoja na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Ziko katika kilima cha Mrima, kaunti ya Kwale, pamoja na niobiamu. Na hapo kuna funzo kuhusu majirani zetu wa Congo pia. Niobiamu, nambari 41, iko kisanduku kimoja juu ya tantalamu, nambari 73. Mwaka 1809 Mwingereza Wollaston alitangaza kwamba ni kitu kimoja, na ikapita miaka 35 kabla Mjerumani Heinrich Rose hajaonyesha kuwa ni viwili. Koltani inayochimbwa Rubaya, mashariki mwa Congo, ni hizo mbili zikiwa zimeshikana ndani ya jiwe moja, kwa sababu ni za safu moja. Simu iliyo mfukoni mwako huenda ina tantalamu ya huko.

Nambari 113, 115, 117 na 118 zilitambuliwa rasmi mwisho wa mwaka 2015, zikapewa majina mwaka 2016, na mstari wa saba ukajaa. Zote nne zilitengenezwa maabara na hudumu muda mfupi mno; kwa maisha yetu hapa hazina kazi, na sitawachosha nazo.

Nina ombi kwa walimu wa kemia wa kaunti hii. Najua shule nyingi hazina kemikali za kutosha, na sodiamu ya kutupia majini haipatikani kila siku. Lakini bangili zipo stendi, ukoko upo kwenye birika, chumvi ipo dukani, jiwe la kulamba lipo zizini, na taa ya sola ipo karibu kila boma. Vileteni darasani, mkaanze na safu kabla ya orodha. Na katika mtihani wa muhula ujao, badala ya kuuliza elementi nambari 17 inaitwaje, mpeni mwanafunzi elementi ambayo hajawahi kuisikia, mwonyesheni ilipo, kisha mwambieni aeleze itafanya nini ikiingia majini na ikiingia mwilini. Nanyi wazazi, mtoto akirudi jioni, muulizeni swali hilohilo.